Mpaka Gari Linyooke

Kamembe, 2 Juni 2025

Ndagijimana,

Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka. Nakuandikia kwa sababu simu unaikata kila nikitaja gari, na karatasi haina mahali pa kukatia. Barua hii nimempa dereva wa basi la Muganza, nikamwambia asiiache kwa mlinzi wa kiwanda cha saruji, akupe wewe mwenyewe hata kama umelala chini ya lori.

Nataka karbureta ya gari la Mzee. Ile uliyoifungua ukaondoka nayo asubuhi uliyotoka nyumbani, ukiwa na miaka kumi na saba na kichwa kikubwa kuliko mwili.

Tumelivua turubai. Naam, Peugeot 404 ya Mzee, ile pikapu, ambayo haijasogea hata hatua moja tangu ulipoigonga miaka kumi na tisa iliyopita. Iko uani juu ya magogo manne. Mimi napiga bodi. Mume wangu Hategekimana amefungua injini nzima na kuipanga juu ya mkeka wa Maman. Maman mwenyewe anaosha bolti ndani ya sufuria ya petroli, kwa kupapasa, maana haoni tena. Umesoma vizuri. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia daktari anasema ni presha ya macho, limebaki kama tundu la ufunguo. Amempa mpaka mwezi wa nane, labda wa tisa.

Ameomba kitu kimoja tu. Anataka kukaa mbele katika gari la mume wake aione njia ya kwenda kwao Rwimbogo kabla giza halijafunga. Hataki teksi, hataki gari la kukodi. Nimemwahidi.

Hategekimana amejaribu karbureta ya 504 kutoka Bukavu, inamwaga mafuta kama mbuzi anayekojoa. Amejaribu nyingine, hiyo hata kuwasha haitaki. Yako ndiyo ya gari hili. Iweke kwenye kopo, umpe dereva huyu huyu. Salamu sina.

Gasaro, binti Mudathiru


Muganza, 8 Juni 2025

Dada mdogo,

Heri ya Idi, kwa kuwa wewe umesahau adabu.

Karbureta ninayo. Iko kabatini, imefungwa kwenye kipande cha kitenge. Kila mwaka naitoa, naiosha, naipaka mafuta, naifunga tena. Ni nzima kuliko mimi. Na haitoki.

Wewe unaandika "ulipoigonga" kama vile unaandika "mvua iliponyesha". Mzee alinifukuza mbele ya wateja wake wote, mbele ya muadhini, mbele yako uliyesimama na bakuli la uji mkononi. Maneno yake ninayo mpaka leo: "Weye mutoto umeua motokari yangu! Toka! Usikanyake tena hapa mpaka hii motokari inyooke!" Wewe hukusema kitu. Maman hakusema kitu. Nililala kwenye kibaraza cha jirani, asubuhi nikaingia kwa mlango mdogo, nikafungua karbureta kwa ufunguo wa kumi na mbili, nikaondoka. Kama mimi siendi popote, na gari lisiende popote. Nilikuwa mtoto, lakini sijutii.

Ukiitaka, andika kwa mkono wako kwamba mimi sikuliua gari lile na kwamba nilifukuzwa bure. Weka saini. Siku hiyo hiyo itapanda basi.

Na jambo jingine. Kila mwezi mimi na Maman tunakutana stendi ya Kamembe, tunakula sambusa, namshika mkono kuvuka barabara. Nilidhani ni magoti. Kwa nini hajaniambia habari ya macho? Kwa nini mambo ya mama yangu nayapata kwa dereva wa basi?

Ndagijimana


Kamembe, 12 Juni 2025

Ndagijimana,

Nilisoma barua yako nimesimama, nikaenda kupiga bati mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Unataka nikuandikie uongo nitie na saini. Haya, nikuandikie ukweli. Nimeipima chasisi. Unajua tunavyopima, Mzee alikufundisha kabla yangu: kamba mbili zinavutwa kwa mshazari, kutoka kona ya mbele ya kushoto kwenda ya nyuma ya kulia, na kinyume chake. Zikilingana, gari limenyooka. Hizi zimepishana vidole vinne. Mkono wa chasisi upande wa kushoto umerudi ndani. Vidole vinne, Ndagijimana! Gari halipindi hivyo kwa kutazamwa vibaya.

Sasa nikuambie ulichoniachia. Wewe uliondoka na karbureta, mimi nikaachiwa nyundo. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari, wa tatu darasani, nataka kuwa mwalimu wa hesabu. Mzee akasema mtoto wa kiume hayupo na mgongo wake hauinami tena, kwa hiyo nitashika mimi kipande cha reli upande wa ndani wa bati, yeye apige upande wa nje. Nilishika. Kidole changu cha shahada cha kushoto hakina kucha. Wateja walikuwa wanauliza fundi yuko wapi huku wananitazama usoni. Leo mimi ndiye fundi bodi ambaye Kamembe nzima inamjua, na hakuna siku niliyochagua kazi hii.

Hayo ningeyameza. Lakini Mzee alipofariki mwaka 2021, hukuja. Unakaa saa moja kwa basi na hukuja kumzika baba yako. Kwa hilo hata ukileta karbureta ya dhahabu sikusamehe.

Ilete hata hivyo. Siyo kwa ajili yangu.

Gasaro


Muganza, 19 Juni 2025

Gasaro,

Wanawake hamwendi makaburini, kwa hiyo nitakueleza ambacho hukukiona.

Nilifika wakati wanatoka msikitini. Nilibeba jeneza bega la kulia mbele, mpaka juu. Kaburini tuliingia wawili, mimi na muadhini, tukampokea. Mimi ndiye niliyemfungua kamba ya kichwani na kumgeuza shavu kuelekea kibla. Alikuwa mwepesi sana. Kisha nilinyoosha mkono nitoke, na aliyenivuta ni Hategekimana, mume wako. Muulize. Sikuja nyumbani kwa sababu nyumbani nilikatazwa, na mwenye kukataza alikuwa amekufa bila kuondoa katazo.

Kwa nini hukuambiwa? Kwa sababu siku ile ile ulitangaza matangani kwamba atakayetaja jina langu asile chakula chako. Watu walikuwa na njaa.

Sasa tuje kwenye vidole vyako vinne. Wewe ni fundi, acha nikuulize kama fundi. Nilikuwa narudi nyuma, mteremko wa sokoni, mguu kwenye breki, mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Nilikata usukani, bawa la kushoto la mbele, lile bati la juu ya gurudumu, likaigusa nguzo ya umeme. Niliigusa kama unavyosukuma mlango kwa bega. Nguzo haikutikisika. Bawa likapasuka kama sahani, gurudumu likalala upande. Mwaka huu nina miaka kumi na minne nafungua malori yaliyotumbukia bondeni. Sijaona chuma kizima kinachofanya vile. Nieleze, fundi ambaye Kamembe nzima inamjua.

Ndagijimana


Kamembe, 6 Julai 2025

Kaka,

Nimechelewa kujibu. Kwanza niligombana na mume wangu siku tatu. Amekubali ni kweli alikuvuta kutoka kaburini. Anasema alinyamaza kwa sababu alikuwa mkwe mpya na alipenda kula. Nimemwambia alale na injini yake.

Pili, niliona haya.

Swali lako lilinikera mpaka nikachukua msasa nikaanza kukwangua lile bawa la kushoto, nikuoneshe ulivyo mwongo. Unakumbuka rangi ya kijani? Chini ya kijani nilitegemea kukuta chuma. Nilikuta mastiki. Mastiki, kaka, ule udongo wa kopo wanaojaza mafundi wavivu badala ya kunyoosha bati. Unene wa vidole viwili. Nikapiga kwa patasi, pande zima likadondoka, na nyuma yake kulikuwa na tundu la kuingia ngumi, limejazwa gazeti.

Mzee! Mzee aliyemtimua mwanafunzi wake kwa kijiko kimoja cha mastiki! Mzee aliyekuwa akisema "gazeti ni ya kufungia samaki ya sambaza, hapana ya kufungia motokari", na sote tunacheka!

Nimelikunjua. Ni gazeti la Machi 2005. Wewe uliligonga gari Mei 2006. Na baada yako halikupakwa rangi tena, lilifunikwa turubai siku ile ile, na Mzee hakuniruhusu kulifunua hata kufagia chini yake. Kwa hiyo gazeti na mastiki vilikuwepo kabla yako. Chasisi ilikuwa imekwisha kupinda kabla yako. Wewe uligusa kidonda cha mtu mwingine kikatumbuka.

Miaka kumi na tano nilifanya naye kazi umbali wa hatua kumi kutoka kwenye turubai lile. Kila nikimuuliza kwa nini tusilitengeneze, alikuwa anasema, "Ile ni kazi ya kaka yako."

Nilimpelekea Maman gazeti mkononi. Alilipapasa, akalinusa, akaniuliza ni la nini. Nilipomwambia, aliacha bolti zikaanguka ndani ya sufuria, akaingia chumbani. Hajatoka vizuri mpaka leo.

Gasaro


Muganza, 9 Julai 2025

Gasaro,

Nimeisoma mara nne. Nilitaka kuvunja kitu, nikakuta vyote vilivyo karibu yangu ni vya mwajiri.

Kwa hiyo aliligonga yeye, akaficha, akanitwika mimi. Nami nilimgeuza shavu kwa mkono huu, taratibu, nikiogopa kumuumiza.

Usiniandikie kwamba tumwombee. Nitamwombea mwenyewe siku nikipoa, na sijui ni lini. Karbureta inabaki kabatini. Asipande mtu gari lile.

Ndagijimana


Kamembe, 15 Julai 2025

Kwa mwanangu Ndagijimana,

Hii barua inaandikwa na mukwe wangu Hategekimana. Miye nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asirekebishe. Gasaro amekataa kushika kalamu. Amesema nikitaka kusema niseme na ukuta.

Papa yako hakugonga ile motokari. Njo miye niligonga.

Alienda Bujumbura kuzika kaka yake, wiki mbili, na nyiye mulikuwa kwetu Rwimbogo. Miye nilikuwa najifunza kuendesha kwa kuangalia miguu yake, miaka mingi, nimekaa pembeni na kimya. Nikasema leo basi. Nilitoka asubuhi sana, nikashika barabara ya uwanja wa ndege. Mwanangu, niliendesha vizuri. Nilikuwa naimba. Kisha ng'ombe wakakatiza, nikaingia kwenye kalavati. Batu wawili wa shamba walinisukuma mpaka nyumbani.

Papa yako aliporudi hakunifokea. Aliona haya kwa niaba yangu. Bibi ya fundi, mutu ya mosque, hana permis ya udereva, anaendesha pikapu! Alisema batu wasijue. Akajaza gazeti, akajaza mastic, akapaka ile kijani, akasema nitainyoosha muzuri nikipata nafasi. Hakupata nafasi.

Siku yako, motokari iliposukumwa mpaka kwa geti na bawa imepasuka, gazeti ilitokeza. Miye niliiona, yeye aliiona. Na wateja walikuwa wanakuja kuangalia. Njo akaanza kupiga makelele, ili batu baangalie weye, basiangalie motokari. Kisha akasukuma gazeti ndani tena, akaleta turubai.

Nilifikiri ni hasira ya siku moja. Asubuhi nilikuta umeenda. Kila mwezi pale stendi nilikuwa nakuja na lile neno mdomoni, na kila mwezi nilikula sambusa juu yake. Habari ya macho nilinyamaza kwa sababu nilisema moyoni, hii ni malipo yangu, mutoto asinihurumie.

Sikuombi karbureta tena.

Mama yako, Mukandayisenga


Muganza, 21 Julai 2025

Maman,

Shikamoo.

Nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia bila kukukosea heshima. Sijaipata, kwa hiyo nisamehe kabla hujasomewa.

Miaka kumi na tisa! Umeniuliza nimekula nini, nimelala wapi, kwa nini sijaoa mapema, kwa nini nakohoa saruji. Umenifuta mafuta ya sambusa mdomoni kama mtoto. Ulikuwa na dawa yangu mfukoni ukanipa leso. Mzee alikuwa mtu wa hasira na sifa, huyo nilimjua. Wewe sikukujua.

Siwezi kusema sikupendi, ningependa niweze. Lakini sikiliza. Mimi nilifukuzwa kwa sauti, Maman. Mtaa mzima ulisikia. Mpaka leo nikikutana na mtu wa Kamembe hapa Muganza ananitania, "Weye njo uliuaka motokari ya mzee Mudathiru." Wanangu wameshasikia. Sitarudishwa kwa kunong'onezwa ndani ya bahasha.

Ndagijimana, mtoto wako


Kamembe, 2 Agosti 2025

Kaka Ndagijimana,

Nakuandikia na masizi mikononi, madoa ya karatasi hii ni ya kazi, usidhani ni kitu kingine.

Barua yako kwa Maman alisomewa na Hategekimana. Hakulia. Aliomba asomewe tena ile sehemu ya sauti. Mimi nilikuwa sijasema naye siku kumi na sita, nikimpa chakula naweka sahani na kuondoka. Jana, Ijumaa, adhuhuri, akaniita kwa jina. "Gasaro, nipeleke kwa geti. Na ile gazeti unipe."

Nilimpeleka nje kwa mlango mdogo. Alijua saa. Wanaume walikuwa wanatoka msikitini, barabara imejaa kanzu. Akalinyanyua gazeti juu kama muuzaji, akapaza sauti ambayo sikujua anayo:

"Basikilize bote! Miye Mukandayisenga, bibi ya marehemu Mudathiru! Ile 404, njo miye nilipondaka! Hapana Ndagijimana! Mutoto alifukuzwa bure, na miye nilikuwa najua, na nilinyamazaka!"

Watu wakasimama. Muadhini akavua miwani. Bwana mmoja wa duka la vipuri akacheka, akauliza, "Maman, kumbe weye ulikuwa unaendesha?" Maman akamgeukia, si upande wake hasa, lakini karibu, akamjibu, "Niliendesha muzuri kuliko weye. Ni ng'ombe." Watu wakacheka sana. Yeye hakucheka. Akarudia yote tangu mwanzo, kwa ajili ya waliochelewa kutoka. Akarudia mara ya tatu mpaka muadhini akaja kumshika mkono, akamwambia, "Basi Maman, tumesikia." Akauliza, "Na wa kule nyuma?"

Bado nina hasira naye. Usiku nakumbuka darasa langu la hesabu, asubuhi namkuta ananyoosha mkono kutafuta kikombe, nampa kikombe, na hasira iko pale pale. Sijui hasira ya namna hiyo inaisha vipi.

Lakini gari siwezi kulikasirikia. Tulifunga mnyororo kwenye mparachichi, upande wa pili jeki ya lori aliyoazima Hategekimana. Nilipasha chasisi kwa gesi mpaka ikawa nyekundu, tukavuta, tukaacha ipoe, tukapima kwa kamba. Vidole vitatu. Tukavuta tena. Viwili. Wiki nzima. Jana hiyo hiyo, tulipotoka getini, bawa nililitengeneza upya kwa bati zima, nyundo na kipande cha reli, Maman akishika upande wa ndani kama nilivyokuwa nikimshikia Mzee. Nilimwambia atapoteza kucha. Akasema piga.

Hakuna mastiki hata kijiko.

Umeomba niandike, naandika: Ndagijimana hakuliua gari lile, na alifukuzwa bure. Mimi nilikuwepo na bakuli la uji, na sikusema kitu.

Leo asubuhi nimevuta kamba zote mbili. Zimelingana. Nimepima mara tano, kisha nikamwita Maman akazipapasa.

Mzee alisema usikanyage hapa mpaka gari linyooke. Limenyooka.

Gasaro


Muganza, 5 Agosti 2025

Dada yangu,

Muuza vipuri yule alikuja hapa jana kuleta fani-belti. Alinieleza habari ya Ijumaa kabla barua yako haijafika, mbele ya mafundi wenzangu wote, kwa sauti kubwa, na kuiga mkono wa Maman ukiwa juu. Nilijificha chini ya lori mpaka akamaliza.

Nakuja Jumamosi. Karbureta nakuja nayo mwenyewe, nimeibadilisha gasketi. Nitaifunga mimi. Hategekimana ashike taa tu, bado ana deni la maneno kwangu.

Nina hasira na ninyi wote, na aliyekufa nina hasira naye zaidi, kwa sababu hawezi kunijibu. Nitakuja nayo hivyo hivyo, msitegemee uso wa harusi. Makaburini nitapita peke yangu kwanza, nimwambie gari limenyooka na ni mikono ya nani imelinyoosha.

Mwambie Maman akae mbele. Nitamtajia njia ya Rwimbogo kona kwa kona, na pale jicho lake litakaposhindwa nitasema mimi. Kwanza tutazunguka kwa barabara ya uwanja wa ndege, tulipite lile kalavati polepole. Nataka anioneshe.

Jambo la mwisho. Nilitoka kwenu kwa mlango mdogo, nimeinama, karbureta tumboni chini ya shati. Geti kubwa najua halijafunguliwa tangu gari lilipolala, magari ya wateja mnayanyoosha nje barabarani, na bawaba zake zimeshikana kwa kutu. Zipige. Jumamosi saa nne nataka nilikute wazi, pande zote mbili.

Kaka yako,
Ndagijimana